Mpiga Udi Anamcheka Nani

Watu wa mji huu hawana akili, na nalisema hili mwanzo kabisa ili msije mkadhani nimelifikia kwa hasira. Nimelifikia kwa utulivu, nimekaa kitako, nimekunywa kahawa yangu, nikawatazama wakipita dirishani na shingo zimewasimama, kila mmoja katega sikio asikie kama jina lake limetajwa nyumba ya pili. Wana msemo wanaoupenda kuliko uradi: lisemwalo lipo. Msemo huo hata kwenu upo, najua, lakini kwenu mnautumia kwa umbea mdogo mdogo, kisha mnakwenda kupika. Hapa wameupindua, wakautazama mgongoni, wakakuta maneno mengine yameandikwa: asiyesemwa hayupo. Hiyo ndiyo sheria yao, na ndiyo njaa inayowaamsha asubuhi.

Mimi naitwa Mwalimu. Jina alilonipa mama yangu limepotea kwa kukosa matumizi. Nilipelekwa nchi za baridi nikasomee picha, na niliporudi nikakuta mlango wa nyumba yetu, uliokuwa upande wa jua, umehamia upande wa kivuli, na mama aliyenifungulia alikuwa mdogo kuliko mimi. Sikuuliza. Katika mji huu wakati hauendi mbele. Unazunguka pale pale kama mbwa anayetafuta pa kulala. Unaweza kukutana na mtu asubuhi akiwa kijana, alasiri ukamkuta ana mvi, na kesho yake akakuamkia shikamoo. Nimeshazoea, na mazoea ndiyo elimu pekee niliyoipata hapa.

Nje ya lango la mji hakuna kitu. Sisemi hakuna cha maana, nasema hakuna. Ukitoka langoni unakuta rangi ya kahawia, kahawia nzito ya mafuta ya zamani, haina mti, haina njia, haina juu wala chini. Wengine husema lile ni jangwa. Wajinga hao, jangwa lina mchanga. Mimi rangi ile nimeisoma darasani chini ya taa: ndiyo kahawia waliyoipaka wachoraji wa Kiholanzi nyuma ya mtu ili mtu aonekane. Anayetoka lango lile hupiga hatua chache, unauona mgongo wake, kisha unaona kahawia tupu. Hajarudi hata mmoja.

Sasa picha.

Imetundikwa katika ukumbi wa mji, na hakuna ajuaye ilifikaje. Wako wanaosema ililetwa na mtawala fulani aliyekwenda kutibiwa macho ng'ambo. Wako wanaoapa kwamba picha ilikuwepo kwanza, ukuta ukajengwa baadaye ili iegemee, kisha ukumbi, kisha mji, kisha sisi. Mpumbavu wa kwanza nampa nusu ya haki yake. Wa pili ananitisha, kwa sababu yapo mawazo ya wapumbavu ambayo hukuamsha usingizini. Lenye uhakika ni moja tu, kwamba aliyeichora ni Mholanzi. Mholanzi hajifichi. Anaingiza mwanga kutoka dirisha usiloliona, anaumwaga kwenye shavu moja, shavu la pili analiacha lijitafutie.

Ni picha ya mpiga udi. Udi wa nyuzi, si wa kufukiza. Mwanamume wa makamo, kofia yenye unyoya kaiweka upande, shati jeupe la mikono mipana, udi kaupakata kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani, kwa mapenzi lakini bila dhamana. Macho kayatupa pembeni. Penye pembe ya mdomo pana kicheko ambacho hakijaamua kuwa kicheko. Mbele yake iko meza, na mezani pana bilauri ya mvinyo iliyobaki nusu, limau lililomenywa likaachwa ganda linaning'inia, mshumaa uliozimika sasa hivi moshi ungali unapanda, na fuvu la kichwa cha mtu, limewekwa tu hapo kama kikopo cha chumvi. Uzi mmoja wa udi umekatika na kujikunja.

Mholanzi alikuwa anasema nini kwa vyote hivyo? Jambo dogo, na alilisema kwa rangi nyingi. Alikuwa anasema kwamba yote ni ubatili. Sauti ukishaitoa huna tena. Mshumaa ndiyo umri wako, limau ni dunia inayopendeza macho na kuukunja uso, mvinyo utakwisha ungali na kiu, uzi utakatika katikati ya wimbo mtamu, na fuvu ni wewe, baada ya wageni kuondoka. Waholanzi wa zama zile walikuwa matajiri. Walikuwa wamezunguka dunia wakiuza vya watu, wakarudi kwao wakala jibini wakashiba, na baada ya kushiba wakaingiwa na hofu. Wakawaajiri wachoraji wawachoree hofu ile vizuri, ipendeze, waitundike juu ya meza ya chakula. Nawadharau na wao. Mtu anayejua kwa dhati kwamba dunia ni mapito haagizi fremu ya dhahabu.

Lakini Mholanzi angalau aliogopa kitu cha kuogopwa. Watu wangu je?

Watu wangu walimwona mtu na udi, basi. Na mji huu haujapata kumwona mtu na udi ambaye hampigi mwenziwe kijembe. Hapa wimbo hauimbwi hewani. Kila wimbo una mtu wake ukumbini. Mwimbaji anatazama pembeni, hamtaji, na kila mmoja anamjua. Yule anayetaka maneno yale yampate hasimu wake huinuka kitini, huenda mbele akicheza mabega, mkono juu, akamtunza mwimbaji kwa pesa au ua huku macho yakiwa kwa anayekusudiwa. Nimeona wanawake wazima wakivuana mitandio kwa ajili ya wimbo ambao mtungaji aliutunga kwa kuumwa na jino. Kwa hiyo walipoletwa mbele ya picha ile hawakuuona mshumaa, hawakuliona limau. Fuvu walisema ni kifuu cha nazi, na hakuna wa kuwatoa hapo. Waliona macho ya pembeni na kicheko cha nusu, wakaulizana swali pekee wanalolijua: huyu anamcheka nani?

Wakaanza kumtunza. Wallahi, wanaitunza picha. Mwanamke anainuka, anakwenda akicheza mbele ya ubao usiotoa sauti, anatundika shada la asumini kwenye fremu, au bangili yake, au kichupa cha marashi, kisha anageuka taratibu na kumtazama jirani yake kuanzia kichwani mpaka miguuni. Jirani anarudi kwake analia. Kesho anakuja yeye na bangili. Fremu ya Mholanzi imefunikwa na maua makavu na makoja, inanuka kama chumba cha bi harusi kilichofungwa tangu fungate, na katikati yake mpiga udi anaendelea kutazama pembeni.

Yangebaki ya kuchekesha kama Bwana Mkubwa asingeingia ukumbini. Bwana Mkubwa ndiye mtawala wetu, mtu mnene mwenye nyayo ndogo, na hakuna anayemjua kabla hajawa mkubwa. Siku hiyo aliinua uso, akahisi kicheko kile kinamshukia yeye. Alitoka kashika tumbo. Hakula. Jioni yake Khelef, mpiga mbiu wake, mwenye sauti nzuri na kichwa kisicho na mwenyewe, akapita mitaani akitangaza: anayechekwa na picha atafutwe, atajwe hadharani, atolewe langoni, ili kicheko kimfuate huko na mji upumue. Wa kumtaja ni Mwalimu, kwa kuwa kasoma. Siku yenyewe ni Ijumaa, baada ya Alasiri.

Na mbiu haijamaliza kuzunguka, mji ulikuwa umeshapata jina. Thuwaiba.

Thuwaiba nitamweleza kwa kifupi, kwa sababu kwa kirefu siwezi. Alikuwa mke wangu. Au pengine atakuwa, siku za hapa hazina mpangilio. Ninachojua ni kwamba naikumbuka namna anavyofunga kanga kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika chai. Alikuwa mwimbaji. Ulikuwepo wakati arusi haikuhesabiwa kuwa arusi mpaka Thuwaiba asimame na kumvua mtu nguo kwa maneno, na aliyevuliwa alirudi nyumbani akitembea kwa maringo, maana kasemwa na Thuwaiba. Kisha koo likamkauka. Akaja Zuwena, mwenye sauti changa na kifua cha kujaa, akapanda mahali pale pale. Watu hawakumchukia Thuwaiba, chuki ingekuwa heshima. Waliacha tu kumsema. Nilimpenda, nampenda, na ndiye mtu pekee mjini ambaye nikianza kumdharau simalizi. Nakumbuka jambo, naacha. Nilipolisikia jina lake likipita madirishani pamoja na neno lango, niliogopa, nikaiacha kahawa yangu inapoa.

Nikaenda kwa Bwana Mkubwa. Alikuwa kitandani mchana kweupe, kajifunika shuka hadi kidevuni, Khelef anampepea.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Umeshampata?"

"Bado naitazama picha."

"Usiitazame sana, Mwalimu. Ukitazama sana utaona mengi. Khelef, watu wanasemaje?"

"Wanasema Thuwaiba, Bwana."

"Umesikia. Lisemwalo lipo. Wewe kazi yako ni kulivalisha joho."

"Na kama si yeye?"

Akajiinua kwa kiwiko, shuka ikateleza, nikaona kwamba amelala na viatu. "Kama si yeye atakuwa nani? Maana lazima awe mtu. Na daktari keshaniambia si mimi."

"Daktari kajuaje?"

"Ni daktari wangu."

Khelef akaacha kupepea, akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba ametajiwa aya.

"Sikiliza," akasema Bwana Mkubwa, sasa kwa upole. "Yule bibi hana mtoto, hana ndugu wa kupiga kelele, sauti hana. Nikimtoa mwingine nitabembeleza ukoo mzima mpaka Ramadhani. Thuwaiba nani atamlilia? Labda wewe, na wewe hulii, unajulikana. Ukimtaja, umetuponya. Usipotaja mtu, lango ni pana, mtapita hata wawili."

Nikaaga kwa adabu zote. Mate yalinijaa mdomoni na pa kuyatema hapakuwa, kila mahali pametandikwa zulia.

Njiani nikajiuliza, utawala ni kitu gani? Vitabu nilivyosoma vinasema ni nguvu, vingine vinasema ni mkataba, vingine vinasema ni neema. Upuuzi. Utawala ni mtu mwenye kuogopa kuchekwa, akapewa walinzi. Sisi wengine tukiogopa kuchekwa tunabadilisha nguo, tunapita njia ya nyuma, tunajifunza kusimulia kichekesho kabla hatujawa chenyewe. Yeye anapiga mbiu. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya ikulu na kibanda cha mkaa, na watu wanaiita siasa, wanaiandikia katiba, wanaifundisha watoto. Na wanaotawaliwa nao, je? Hao wanamwogopa mtu anayeogopa picha. Nilitembea nikihesabu vipaa vya nyumba na sikuona hata kimoja kinachostahili mvua.

Nikaingia ukumbini peke yangu, adhuhuri, watu wamekwenda kula.

Zipo picha ambazo macho yake hukufuata kokote uendako. Si uchawi, mchoraji kayaelekeza mbele, basi kila anayesimama mbele anatazamwa. Haya hayako hivyo. Macho yaliyotupwa pembeni hayakutani na mtu. Nilisimama kulia, nikasimama kushoto. Nilipanda kiti. Nilijibana ukutani mpaka nywele zangu zikagusa maua makavu, nikageuza uso, nikamtafuta yule bwana kwa chini, kwa juu, kwa mbavuni. Hayuko na mimi. Hayuko na yeyote. Nikaketi sakafuni, nikacheka mpaka nikakohoa.

Hakutazami, Bwana Mkubwa. Hakutazami, Zuwena. Hajui kwamba mpo. Mnamvisha bangili naye yuko mahali ambapo nyinyi hamjatokea. Alikufa kabla hamjazaliwa, au atazaliwa mkishakufa, kwake yote sawa. Nani kawaambia mnastahili kuchekwa? Kuchekwa ni kazi. Mtu lazima aache udi wake, akutafute, akupime, akuone una upungufu wenye ladha. Mna upungufu gani nyinyi wenye ladha? Mimi je? Mimi sina haja. Mimi natazama tu. Mwenye kutazama hahitaji kutazamwa. Nilijiambia hivyo mara ya pili, kwa sauti, na ukumbi ukanirudishia.

Nilifurahi, sifichi. Ukweli ulikuwa umeniletea mambo mawili kwa mkono mmoja: nikiusema nitamwokoa Thuwaiba, na hapo hapo nitakuwa nimewatukana wote, mkubwa na mdogo, tusi ambalo hawana pa kulirudisha. Na la lango pana sikulijali. Hawawezi kumtoa mtu kwa kutochekwa, la sivyo watatoka wote.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Waliovaa, walivaa. Waliokuwa na hofu ya kutajwa walikaa mbele kabisa, na hilo lingenifunza jambo kama ningekuwa mtu wa kufundishika. Bwana Mkubwa aliletwa na kiti chake. Zuwena alikaa na kundi lake, mikono imejaa hina. Thuwaiba sikumwona, nikashukuru.

"Mwalimu," akasema Khelef kwa sauti yake ya mbiu, "taja."

Nikasimama chini ya picha. Nikawaacha wangoje kidogo, maana nilikuwa nimengoja siku nyingi. Kisha nikasema, "Hamcheki mtu."

Wakatazamana.

"Macho haya hayamtazami yeyote humu ndani. Nimejaribu kila pembe. Njooni mjaribu wenyewe. Hamjui hata mmoja wenu. Hakupata kuwajua, na angewajua asingewacheka."

Nilitegemea wapumue. Nilitegemea mtu aseme alhamdulillahi. Badala yake nikasikia mlio mdogo, kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni, nikageuka, nikaona unatoka kwa Bwana Mkubwa.

"Hata mimi?" akauliza.

"Hata wewe, Bwana Mkubwa."

"Lakini tumbo liliniuma."

"Labda ulikula vibaya."

Akautazama mkono wake, akaugeuza, kama anayetaka kuhakikisha bado una upande wa pili. Nyuma yake watu wakaanza kulia. Si kilio cha msiba. Msibani mtu hulia kwa mpango. Walilia ovyo, wanaume kwa wanawake. Zuwena akasimama, wanja umemwagika mashavuni.

"Bangili zangu za arusi ziko pale kwenye fremu, Mwalimu," akasema. "Miaka yote namtunza. Nilikuwa namtunza nani?"

"Ubao," nikamwambia.

Akakaa chini taratibu, hakuangalia kama kiti kipo. Na mimi, niseme kweli, nilisikia raha mpaka kwenye meno.

Ndipo safu ya mwisho ikafunguka, akaja Thuwaiba.

Alikuwa amevaa. Doti mpya ya kanga, harufu yake ya dukani bado haijatoka, hina mpaka vifundoni, kikuba cha asumini kifuani, na kwapani kashika bahasha ya nguo imefungwa vizuri, ya safari. Nuru ya alasiri ilimwingia kutoka ubavuni, na katika nuru ile nilimwona msichana na nilimwona bibi, na yule aliyeshika chai, wote wamesimama kwenye miguu ile ile. Akanijia mpaka hatua moja.

"Mwalimu," akasema. Sauti ilikuwa mkwaruzo mtupu, lakini ukumbi ulinyamaza ili isikike. "Na wewe?"

"Bi Thuwaiba, nenda nyumbani. Yamekwisha. Hakuna wa kukutoa."

"Nyumbani kuna nini? Muuza samaki anapita kwangu haniiti. Zuwena anaimba, natega sikio nikitafute kijembe changu, hakimo. Nilifika mahali najigusa uso nione kama upo. Juzi Khelef kapiga mbiu, na dirisha la jirani nikasikia: Thuwaiba. Wakanisema vibaya, kisha wakarudia. Usiku ule nililala, Mwalimu. Nilikuwa silali."

"Watakutoa langoni."

"Nimeshafunga nguo zangu."

"Kule hakuna kitu," nikasema, na sauti yangu ikavunjika, watu wakasikia. "Nimeisoma mimi rangi ile. Hakuna kitu kabisa."

"Najua. Ndiyo maana sitaki kwenda bila jina." Akanisogelea, sasa akasema kwa chini, kwa sauti ya nyumbani. "Wewe unatudharau sote. Kila mtu anajua, na tunakustahimilia, unajua kwa nini? Kwa sababu anayekudharau kakutazama. Leo umekuja kutuambia hakuna anayetutazama, na umefurahi. Nimekuona ulivyofurahi. Haya, furahi na wengine. Mimi kama ni kunidharau, nidharau kwa jina langu."

"Nilitaka kukuokoa."

"Uniokoe na nini, mwanamume wewe?"

Nilimkasirikia. Nilitaka kumshika mkono, nimburute hadi kwake, nimfungie ndani, nimchemshie chai. Nilitaka kumwambia mimi nakutaja, mimi kila siku natamka jina lako nikifunga mlango. Lakini hilo sikuwahi kulifanya mahali pa kusikika, na katika mji huu lisilosikika ni sawa na halikufanywa. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani, ukweli wangu, nao ulikuwa umesimama mikononi mwangu hauna wa kumfaa. Nyuma yangu Bwana Mkubwa alikuwa bado anautazama mkono wake. Watu wote wale walinitazama mimi, wakiomba nimtaje mtu yeyote.

"Nimekosea," nikasema.

Nikageukia picha.

"Tazameni mdomo wake. Uko nusu wazi, na haimbi. Mwenye kuimba hufungua koo, huyu kafungua midomo tu, anavuta pumzi ya kumpokea mtu. Tazameni mkono wa kulia. Umeinuliwa juu ya nyuzi, haujagusa hata mmoja. Huyu hajaanza. Hawezi kuanza. Kuna mtu anangojwa, na bila yeye hakuna wimbo. Na macho kayatupa pembeni kwa sababu mwimbaji huingilia pembeni. Kamwona sasa hivi akiingia. Kachelewa, na hajali kwamba kachelewa, anatembea kana kwamba ukumbi ulijengwa ili yeye auingie. Ndilo linalomchekesha. Amemzoea. Anajua maringo yake yote na amechoka nayo na hawezi kupiga bila ya hayo." Hapo niliinua uso kuutazama mkono ule uliochorwa, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hakika kwamba nasema uongo. "Anayechekwa," nikasema, "ni Thuwaiba binti Mbwana."

Kigelegele cha kwanza alikipiga Zuwena. Kisha ukumbi mzima. Bwana Mkubwa akavuta pumzi ndefu, akaagiza aletewe wali. Wanawake wakaishambulia fremu, wakang'oa maua na makoja na bangili zao, wakamvika Thuwaiba, mikononi, shingoni, kichwani, huku wanamtukana kwa moyo wote: mshenzi, mjivuni, umechekwa, umetuaibisha, mgeukie tena tukuone. Wengine walimtukana huku wanambusu mabega. Zuwena akamtungia wimbo papo hapo, wimbo mbaya wenye vina vya kulazimisha, na jina limo katika kila kipande. Thuwaiba alikuwa anatabasamu. Sijapata kuona uso uliotua namna ile, si kwa waliolala, si kwa waliokufa, wala si katika picha yoyote waliyonionyesha nchi za baridi.

Maandamano yakaelekea langoni. Nikapita njia ya nyuma, nikakimbia, mimi nisiyekimbia, nikafika kabla yao, nikasimama katikati ya lango, kahawia ikiwa mgongoni kwangu. Nilitaka jambo moja. Anitukane. Aseme mbele ya wote kwamba mimi ndiye niliyemtoa, kwamba nimeuza elimu yangu, aniite mwongo, aniite mwanamume wa dirishani, chochote, mradi kianze na jina. Kama alikuwa anakumbuka lile jina nililopewa na mama, ndiye pekee ambaye angelikumbuka. Nilikuwa tayari hata kwa mate.

Wakaja. Ngoma mbele, kisha vumbi, kisha yeye, mzigo wa bangili unamlia mikononi, bahasha kwapani. Akanifikia. Nilimtazama machoni, na macho yake yalikuwa mbele, yameshafika aendako.

"Nipisheni," akasema, kwa sauti ile ya adabu ambayo mtu humwambia asiyemjua aliyeziba mlango wa arusi.

Nikampisha.